Umenenepa, Leti

Mnada wa Katesh ulifurika ng'ombe na watu. Yoakimu, dereva wa kombaini kwenye shamba la ngano la serikali, alikuwa na makapi mpaka kwenye kope. Akasimama mbele ya binti wa kijiji cha Tlawi, kule mlimani, aliyeuza viazi, mashavu yanang'aa, gauni la maua limemkaa sawasawa.

"Dada, umenenepa wewe! Kwenu maziwa hayakauki."

"Nunua viazi, kaka, uache maneno," Letisia akacheka.

Miaka ile, hiyo ilikuwa sifa. Aliyenenepa ana kwao, anakula, haumwi. Siku hizi mwambie mtu hivyo uone atakavyonuna.

Wakapendana. Letisia akaomba kwanza akajifunze ushonaji Arusha. Akirudi, wazee wa Yoakimu wapande Tlawi kuposa.

Alirudi na wenzake wawili wa chuoni, sketi za kubana, visigino virefu. Yoakimu alikuwa stendi tangu asubuhi, shati limepigwa pasi. Alipomwona akapaza sauti kwa furaha:

"Leti wangu! Umenenepa!"

Wenzake wakaangua kicheko. Kule Arusha walikuwa wanajinyima ugali ili wasiambiwe neno hilo.

"Umeniaibisha mbele za watu," Letisia alisema, machozi yakimlenga. "Wazee wako wasije."

Yoakimu akarudi kwenye ngano yake, moyo umemvunjika.

Masika yaliyofuata Letisia aliugua kifua kikuu. Akalazwa, amebaki mifupa. Wenzake wale wale wakaja kumpa moyo.

"Umepungua, mwenzetu! Sasa ndiyo umependeza."

Letisia akageukia ukutani.

Yoakimu alikuja na kibuyu cha maziwa. "Shikamoo, mama," alimwamkia mama yake Letisia, kisha akamshikia mgonjwa kikombe. Akawa anakuja kila alipopata ruhusa, mpaka ngano ikavunwa yote.

Siku moja alimkuta ameketi uani mwa hospitali, juani, gauni lile la maua limeanza kumkaa tena. Akamtazama. Neno likamfika mdomoni, akalimeza.

"Sema," Letisia alimwambia.

"Naogopa. Nilikukosa kwa neno hilo."

"Sema, Yoakimu. Nimelazwa wodi moja na watu waliokufa wakitamani kuambiwa hivyo."

"Umenenepa, Leti."

Letisia akalia kwa sauti, na safari hii hakujificha. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Waambie wazee wapande Tlawi."