Kituliza-Saa cha Getini

Fundi Mhagama alipofanikiwa kuufungua mlango wa kituliza-saa, uji ulikuwa bado unatoa moshi. Hidaya, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameshika kikombe chake cha bati, mdomo umejaa. Nje ilikuwa imepita miaka minane.

Mashine yenyewe ni kabati refu kama la nguo. Ndani yake wakati hausogei: mtoto anapepesa jicho mara moja tu, huku nje jua limeshazama. Ilibuniwa kwa ajili ya watoto wagonjwa wanaosubiri dawa za mbali. Baadaye viwanda vya Dodoma vikaiweka getini, na kina mama wa zamu wakaipenda. Mtoto halii, hali, hasumbui. Jioni unamtoa vilevile ulivyomweka. Ukishachoka, utakataa?

Mama yake Hidaya, Sikudhani, alikuwa akisafisha macho ya maroboti kiwandini. Siku ile kengele ililia Hidaya hajamaliza uji. Walishakatazwa kuingiza chuma, lakini alimsukuma mtoto na kikombe chake, akafunga, akakimbilia kazini na mimba yake. Chuma kikavuruga mawimbi, mlango ukagoma. Mafundi walisema wakiulazimisha, mtoto atazeeka palepale. Ikabidi waende polepole, mwaka baada ya mwaka.

Sasa Sikudhani alisimama mbele ya kabati, kichwa kimejaa mvi za mawazo. Kando yake alikuwa Tunu, yule aliyekuwa tumboni, ambaye sasa anamzidi dada yake kimo. Walikuwa wamemfundisha kumwamkia dada. Alimwangalia, akanong'ona kwamba hatoi shikamoo kwa mtu ambaye yeye mwenyewe anaweza kumbeba mgongoni.

"Mama Tunu, sogea akuone," fundi alisema.

Mtaa mzima ulishazoea kumwita Sikudhani hivyo, kwa jina la mtoto anayeonekana. Mwenyewe aliitika bila kufikiri.

Hidaya aliinamisha kichwa, kama alivyofunzwa akiona wageni. "Shikamoo, Mama Tunu."

Sikudhani alimweleza taratibu kwamba mama yake ni yeye, ndiye aliyemzaa. Mtoto alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba mama yake hana mvi, anaitwa Mama Hidaya, na ameenda zamu. Akaomba arudishwe kabatini, kwa sababu mama akija asimkute atamchapa.

"Limekufa hilo, mwanangu," fundi alisema.

"Basi nitamsubiri hapahapa."

Akaketi sakafuni. Zamu ya mchana ilikuwa inaingia. Kina mama walipita na watoto mkononi, wakapanga foleni kwenye makabati mapya upande wa pili, wakihimizana wasichelewe. Sikudhani aliinua mkono awaonye, lakini foleni ilisonga mbele. Alijikongoja, akaketi karibu na Hidaya, lakini si karibu sana.

"Naweza kumsubiri pamoja na wewe?"

Hidaya alifikiri kidogo, akasogea kumpa nafasi.