Wimbo wa Tisa

— Ndanu, zima hiyo runinga tutoke kidogo. Nimechoka kukaa.

Kihara alisema hivyo akifuta jasho usoni. Ilikuwa Krismasi, saa moja kasoro jioni, na baridi ya mtaa wa Kangemi ilikuwa imeingia hadi chini ya viti. Dada zangu, mwanamume anayetokwa jasho kwenye baridi mtazameni mara mbili.

— Tutoke na kila mtu anangoja kukuona? Ndanu akacheka. Keti, bwana nyota.

Kihara alikuwa mwimbaji wa jazi. Ndanu, muuza vitambaa katikati ya jiji, aliipigia albamu yake dukani kutwa nzima, kwa sababu sauti ile ilimjia karibu, kama mtu aliyekuegemea begani. Hata pumzi kabla ya neno aliisikia. Mwezi wa pili alimwandikia kumpongeza. Akajibiwa. Kufikia Pasaka walikuwa wachumba.

Sasa mbuzi watatu walioletwa na Kihara walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba ya wazazi wa Ndanu. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo akishachinjwa na kuliwa, binti ni mke wa mtu. Wazee wangefika kesho asubuhi, na babake Ndanu, Mzee Ndambuki, alikuwa ameshanoa kisu.

Kilichomtoa Kihara jasho ni kipindi chenyewe cha runinga, alichokuwa ameimba. Vipindi vya Krismasi hurekodiwa mapema. Hiki kilirekodiwa Oktoba, watu wakivaa masweta mekundu juani. Tangu hapo alikuwa amempigia mtayarishaji mara nne, akimsihi akate kipande kimoja. Jana alijibiwa kwa ujumbe: "Tutaona."

Kipindi kikaanza.

— Mkwe wangu, hapo ulikuwa umenona, mamake Ndanu akamtania. Au huyu binti yangu hakulishi?

Kihara hakucheka. Alikuwa akihesabu nyimbo. Wa tatu ukapita, wa tano, wa saba. Ndanu aliimba nao wote, kichwa kikiwa begani mwake, bila kujua bega lile lilikuwa limekakamaa kama ubao. Wa nane ulipokwisha, Kihara alishusha pumzi. Albamu ilikuwa na nyimbo nane tu.

Taa za jukwaani zikafifia. Mwanamke mwenye gauni la kijani, yule aliyekuwa akiitikia nyuma yake, akaja kuketi kando ya piano.

"Huu haumo kwenye albamu," Kihara wa runingani akasema. "Nimemtungia Nyawira."

Akauimba mpaka mwisho. Kisha akamvisha Nyawira pete, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Pale sebuleni, Mzee Ndambuki aliweka kikombe chini taratibu.

— Ni maigizo, Kihara akasema haraka. Mtayarishaji alitaka kitu cha kuwaliza watu.

Mama alitaka kuamini. Akasema hata kwenye michezo ya kuigiza watu huoana na kila mtu akarudi kwake. Ndanu alikuwa ameinua kichwa kutoka lile bega.

— Nyimbo nane za kwanza hukuimba, akasema.

— Hakuna anayeimba, Ndanu. Wanacheza albamu, sisi tunafungua midomo. Unajua.

— Najua. Kila pumzi ilikuwa ile ile ya albamu, nazijua zote. Huu wa tisa umeuimba.

— Ni kwa sababu haukuwa umerekodiwa studio.

— Uliishiwa pumzi katikati ya jina lake. Wewe, Kihara. Hujawahi kuishiwa pumzi.

Huko nyuma ya nyumba mbuzi mmoja alilia, akanyamaza.

— Niimbie mimi, Ndanu akasema. Wimbo huo huo. Weka jina langu.

Kihara akawatazama wazazi, akasimama, akaimba. Aliimba vizuri mno. Majirani walipunguza redio zao wasikie, na Mama akajifuta machozi kwa pindo la leso. Kila neno lilikaa mahali pake, kila pumzi ikakatwa sawasawa kama kitambaa kwenye meza ya duka. Ndanu alisikiliza hadi mwisho, macho yamefumbwa.

— Asante, akasema. Umeimba kama albamu. Nilikuwa naomba Mungu ukosee hata mahali pamoja.

— Ndanu, tafadhali.

— Bado mko pamoja?

Simu ya Kihara ilitetemeka mezani. Ndanu aliigeuza wote waone ujumbe wa Nyawira: "Tumetoka vizuri mpenzi! Mama analia huku. Unarudi nyumbani Kilimani saa ngapi?"

— Nilikuwa nimwambie Nyawira ukweli, Kihara akasema kwa sauti ndogo. Baada ya sikukuu.

— Baada ya mbuzi, Mzee Ndambuki akamsahihisha.

Akainuka, akachukua kisu kilichokuwa juu ya kabati, akakifunga kwenye gazeti. Kihara alirudi nyuma hatua moja.

— Usiogope, kijana. Nataka kujua kitu kimoja tu. Hilo gari lako, kiti cha nyuma kinaingia mbuzi watatu?

Ndanu alikuwa ameshatoka kwenda kuwafungua.