Mtutu wa Babu Ephraim

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima ya Ozark wakati Verlin Stroud alipobeba bunduki ya mitutu miwili ya marehemu babu yake, akashuka nayo chemchemini. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Tangu wamzike Babu Ephraim, bunduki ile ilikuwa ikikosa hata sungura wa karibu, na huko kwao bunduki iliyorogwa hupitishwa maji yanayotiririka mpaka yatoke safi. Jumamosi angekuja mnunuzi wa silaha za kale kuijaribu. Verlin alitegemea kuiuza aezeke nyumba upya. Hakuwa na kitu kingine cha thamani.

Akaizamisha. Maji yakatoka meusi... meusi... kisha yakanuka tumbaku.

Tumbaku ya babu.

"Maji hayatatosha, bwana mdogo."

Ilikuwa sauti ya Odell, kaka yake, ikinong'ona kutoka vichakani ng'ambo ya pili. Verlin alishusha pumzi.

"Umenitoa roho, kaka. Njoo basi unisaidie."

"Nipo sawa huku. Sikiliza. Uchawi umekaa mdomoni. Ikate mdomo."

"Si nitakuwa nimeiua bei?"

"Nani kakudanganya? Fupi ndiyo ghali. Watu wanazitafuta kwa udi na uvumba."

"Na sheria je? Mtutu ukiwa chini ya inchi kumi na nane ni jela."

"Ni kuandikisha tu. Leo kata, Jumatatu ujaze fomu."

Odell ndiye aliyemfundisha kuwinda. Verlin hakuuliza tena.

Bandani aliibana kwenye jiliwa, akashika msumeno wa chuma. Krrr... krrr... Vumbi la chuma lilitoka na unyevu, likimganda vidoleni. Kipande kikaanguka sakafuni.

Mitutu iliyobaki ikapumua.

Pumzi ndefu, ya mgonjwa. Halafu kikohozi. Verlin alikijua kikohozi kile; miezi mingi alikuwa amemlisha mwenye nacho uji wa mahindi kwa kijiko.

Taa za gari zikamulika ukutani. Walishuka maofisa wawili wa serikali kuu. Mmoja aliingiza ufito mtutuni, akaupima, akatikisa kichwa.

"Kibali kiko wapi?"

"Nitaandikisha Jumatatu."

"Kibali kinatangulia msumeno, bwana. Ukishakata, hakuna wa kukuandikishia. Hii sasa haina bei, ina kesi tu."

Odell akaja mbio kutoka nyumba ya pili, bado amevaa sare ya kiwandani.

"Kaka, waambie," Verlin alisema. "Si wewe uliyenituma nikate, pale chemchemini?"

"Chemchemini saa ngapi? Mimi ndiyo kwanza natoka kazini." Odell aliinamisha macho. "Usinitie humo, Verlin."

Verlin akamgeukia ofisa. "Nani aliwaita?"

"Mzee mmoja, anakohoa sana. Alipiga simu asubuhi, akasema mjukuu wake atakata bunduki jioni."

Asubuhi Verlin hakuwa na wazo la kukata chochote.

Pingu zikafungwa. Aliomba kwa moyo wake wote iwe ni Odell aliyemuuza. Tangu utotoni Odell alijua kuiga sauti ya babu. Ndugu aliye hai unaweza kumchukia, ukapona. Lakini kama ni yule mzee mwenyewe aliyepiga simu? Siku yake ya mwisho alimshika mkono, akamwambia, "Bunduki ni yako, mjukuu wangu," huku akitabasamu... na Verlin akamshukuru, akambusu paji la uso.