Mkasi Nyuma ya Ukuta

"Taja neno moja! Moja tu la uongo nililosema!"

"Hukusema. Uligonga."

"Kugonga si kusema."

"Haya, kamweleze hivyo Fundi, maana anafunga mizigo."

Kijiti akanyamaza. Walimwita hivyo kwa wembamba wake, lakini mdomo wake haukuwa mwembamba hata kidogo. Kumnyamazisha ilikuwa kazi. Kaka yake akatikisa kichwa, akatoka, akamwacha peke yake jikoni na mkasi wa marehemu Bibi mkononi.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Akitoka shule anaosha vyombo, anafagia, kisha anangoja kagiza kaingie. Kati ya jikoni na chumba cha mbele kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Bibi alishonea humo maisha yake yote, na kabla ya kukata kitambaa chochote aligonga mkasi mezani: ko, ko, ko. Alisema anakiamsha, kisije kikashtuka. Sasa Bibi hayupo, na chumba kapewa Fundi, mwanamke aliyefunzwa kushona na Bibi huyohuyo. Kijiti hakutaka mtu mwingine akae pale. Basi akawa anagonga ukuta, ko, ko, ko, halafu anatulia, anangoja Fundi apige mayowe.

Fundi hakupiga mayowe hata siku moja. Cherehani ilinyamaza tu. Ukimya ule ulimsisimua Kijiti mwenyewe.

Leo aliinua mkasi kama kawaida. Kabla haujagusa ubao, akasikia:

Ko. Ko. Ko.

Ilitoka upande wa pili. Mtu akapumua karibu kabisa na ubao, usawa wa sikio lake.

"Bibi," sauti ikanong'ona. "Nimefunga kila kitu, kama ulivyotaka. Wateja nimewarudishia vitambaa vyao. Mahali pengine pa kushonea sina, lakini siwezi kubishana na wewe. Niambie tu kosa langu. Ni ule mkasi wako mdogo? Niliuvunja mimi, Bibi. Nikasingizia panya."

Kijiti alitaka kucheka, akaacha. Kumbe Fundi hakuwa anatishika. Alikuwa anaongea na marehemu, na marehemu alikuwa anamjibu kwa mkono wa Kijiti.

"Kama umenisamehe, nyamaza, nibaki. Kama bado unataka niondoke, gonga."

Kijiti akashusha mkasi taratibu. Kumbe rahisi hivi! Akinyamaza tu, Fundi anabaki, na hakuna atakayejua. Akageuka atoroke, akagongana na Shangazi, karani wa mahakama, mkoba bado begani.

"Nimenyamaza tu, Shangazi," akanong'ona. "Sasa atabaki. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Kaka yako kanieleza yote. Kila siku kortini nasikia watu, 'Mheshimiwa, mimi sikusema neno.' Hakimu hahesabu maneno, mwanangu. Anauliza: ulijua si kweli? Ulitaka mwenzako aamini? Alipoamini, alipoteza nini? Anayeziba ufa wa nyumba kwa rangi ili aiuze hajasema kitu, lakini kadanganya. Na huko kunyamaza kwako sasa hivi, unajua anakuchukulia kama jibu. Hapo ni kama umegonga tena."

"Kwa hiyo nitafungwa?"

"Wewe? Si utapita katikati ya nondo za jela!" Shangazi hakucheka. "Sheria haimkimbizi kila mwongo, na mtoto haimpimi kama mtu mzima. Ukisifia chai mbaya, hakuna askari atakayekuja. Lakini uongo wa kumtoa mtu kwenye riziki yake ni mambo mengine. Nenda kaseme."

Chumba cha mbele kilikuwa na giza. Cherehani ilikuwa imeviringishiwa shuka nyeupe kama maiti. Fundi alikuwa amepiga magoti, sikio ukutani, bado anasikiliza.

"Fundi, si Bibi. Ni mimi."

Fundi aliutazama ukuta, hakumtazama yeye. "Siku zote?"

"Zote."

"Hata siku ile nilipolia?"

"Hata ile. Nisamehe, Fundi."

Shangazi akasema kutoka mlangoni, "Kuomba radhi hakutoshi, Kijiti. Aliyedanganya anarudisha alichomwondolea mwenzake. Kesho utazunguka kwa wateja wote, utaeleza kwa mdomo wako, na vitambaa utavibeba wewe."

"Nitavibeba, Shangazi."

Polepole Fundi akafungua fundo la shuka. Akaifuta cherehani kwa kiganja, akairudisha dirishani mahali pake. Kijiti akamsogelea, akamnyooshea mkasi wa Bibi.

"Fundi, kuhusu ule mkasi mdogo. Bibi alijua ni wewe. Kila akikumbuka yule panya, alicheka mpaka anashika mbavu."

Uso wa Fundi ukataka kuchanua, ukasita.

"Hiyo ni kweli," akauliza, "au unataka tu nifurahi?"

"Kweli, Fundi! Haki ya Mungu!"

Fundi akamtazama, akamtazama. Kisha akaupokea mkasi, akageuka, akaenda uani kumuuliza kaka yake Kijiti.