Sensa ya Chumba cha Nyuma

Sensa ya chumba cha nyuma iliwaka kabla fundi hajaingia.

Alikuwa bado kwenye korido. Kile kidude cheupe alichokibandika pembeni mwa ukuta nusu saa iliyopita kikawasha taa nyekundu kuonyesha kimeona mtu, na boksi la alamu sebuleni likalia pii. Fundi akasimama. Nyumba ilikuwa tupu, maana ndiyo kanuni ya kupima: wote watoke, abaki fundi peke yake, atembee chumba kwa chumba na kuhesabu milio. Mama mwenye nyumba alikuwa nje barazani, anashona kifungo. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua linawaka.

"Pazia hilo," fundi akajiambia. Pazia lilikuwa tuli. "Basi ni joto la bati." Fundi akikosa sababu moja hutoa mbili.

Kulikuwa na harufu pia, ya majivu yaliyomwagiwa maji, lakini fomu ya kazi haina mahali pa kuandika harufu. Akaishusha nguvu ile sensa hadi alama ya mwisho, ya nyumba zenye paka. Akapita mbele yake, ikawaka, akaandika "sawa" na kutia saini. Mama hakuwa na paka.

Alamu ile iliwekwa na watoto wawili wa yule mama. Wa kwanza, mwanamume, kazini wanamwita Meneja, na mama yake naye alikuwa akimwita hivyohivyo kwa kumtania. Mwenyewe hakujua kwamba anataniwa. Wa pili ni binti, mwalimu mkuu. Baba yao alipofariki walikaa kikao: nani atakaa na mama? Wakavutana mpaka chai ikapoa, mwisho wakakubaliana kwa kauli moja wamwekee mama sensa saba zisizo na waya. Ukiniuliza mimi, hakuna ndugu wanaoelewana upesi kama wale wanaokimbia mzigo mmoja. Sensa ikiona mtu anatembea, meseji inaingia kwenye simu ya Meneja.

"Kwa hiyo tutakuwa na mama muda wote," akasema, na dada yake akaitikia kwa kichwa.

Meseji zikaanza wiki hiyohiyo. Mwendo: chumba cha nyuma. Saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa nane na dakika moja. Ndicho chumba alichofia baba, na tangu msiba mama alikuwa hakiingii. Siku ya kwanza Meneja alipiga simu.

"Mama, uko chumba cha nyuma?"

"Niko jikoni, mwanangu. Kwani unakuja?"

"Aa, nilikuwa nauliza tu."

Siku ya tatu hakupiga. Wiki ya pili alimpigia fundi, akinong'ona kutoka kwenye mkutano.

"Fundi, kidude chako kinaniaibisha mbele za watu. Kizime."

"Nije nikiangalie kwanza, bosi?"

"Uangalie nini? Mama yuko peke yake mle. Kizime!"

Fundi alikuwa amejilaza kitandani kwake, na programu ya simu ilimruhusu kufanya kazi hiyo bila kuinuka. Kabla ya kuzima, skrini ikamuuliza, kama inavyomuuliza kila fundi: Una hakika chumba hiki kiachwe wazi? Akabonyeza ndiyo, akageukia upande wa pili.

Ikapita miezi mitatu. Kisha asubuhi moja sensa sita zilizobaki zikapotea hewani kwa mpigo. Betri za miaka miwili zimekufa siku moja! Fundi akafika saa saba mchana, akakuta mlango uko wazi. Akapiga hodi.

"Karibu," mama akajibu kutoka sebuleni.

"Karibu," mama akajibu kutoka chumba cha nyuma.

Sauti ilikuwa ileile. Fundi akaingia hivyohivyo, kwa sababu aliona haya kukimbia mchana kweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa." Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ameifunga kwa uzi ili isidondoke.

"Mama," fundi akanong'ona, "uko na nani humu?"

"Na yule anayekuja."

"Nani huyo?"

"Hajanitajia jina. Lakini anakuja, baba, hakosi hata siku. Ananiuliza nimeamkaje. Ananiuliza nimekula nini." Mama akashusha sauti zaidi. "Nikimwambia sijala, anasema vizuri."

Fundi alitaka kuaga, lakini ile harufu ya majivu mabichi ilikuwa imejaa korido nzima, na mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa unafunguka wenyewe taratibu, na kwa upenyo ule akaona kitanda cha marehemu kimetandikwa upya, na katikati ya shuka pakaanza kubonyea, kama panavyobonyea mtu mzito anapokaa, pakazidi kubonyea mpaka mbao zikalia, na sauti ya mama, ambaye alikuwa hapa pembeni yake amefumba mdomo, ikasema kutoka mle ndani kwa upole kabisa, "Betri hazihitajiki tena, fundi." Sijui alitokaje. Nakumbuka alisema mkoba wa vifaa aliuacha hukohuko.

Jumapili watoto wakaja na mganga, na fundi wakamwita aeleze alichokiona. Mganga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Alimtazama mama, akanusa korido, akawaita wote sebuleni.

"Hili halivunji mlango," akasema kwa sauti ya chini. "Hili huuliza. Linamtafuta mtu asiye na wenyewe. Leo litauliza mara tatu, na mmoja wenu ajibu, 'Nipo.' Likisikia hivyo litaondoka. Lakini atakayejibu atakaa humu na mama siku arobaini, asilale nje hata siku moja. Akija kuvunja neno lake, litarudi na halitauliza tena. Mmenielewa?"

Wakasema wameelewa. Mganga akafukiza dawa yake. Mara mama akanyooka kitini, macho yakamtoka, na sauti nzito ikatoka tumboni mwake.

"Mwenye mama yupo?"

Meneja akamtazama dada yake. "Jibu basi. Wewe ndiye mtoto wa kike."

"Na wewe ndiye mkubwa!"

"Nina safari Jumatano."

"Mimi shule nzima iko kwenye mitihani, kaka. Nitawaacha watoto wa watu?"

"Mwenye mama yupo?"

"Jibuni!" mganga akanong'ona. "Jamani, jibuni!"

Meneja alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu mkuu alikuwa analia kwa kwikwi, na kulia alijua, lakini neno moja la silabi mbili lilimshinda. Mama alikuwa akiwatazama, mmoja baada ya mwingine, na ndani ya yale macho yaliyotoka alikuwa bado yeye, mama yao, anasubiri. Vyombo jikoni vikaanza kugongana, milango saba ya nyumba ikafunguka na kujifunga.

"Mwenye mama yupo?"

"Nipo!" Ni fundi aliyepiga kelele. "Mimi nipo, nitakaa naye!"

Vyombo vikatulia. Shingo ya mama ikageuka polepole upande wake.

"Wewe? Wewe uliulizwa kama una hakika chumba kiachwe wazi. Ukasema una hakika."

Basi tena. Mganga akaanza kukusanya vitu vyake. Meneja akamshika mkono, akamwambia atumie dawa nyingine, yoyote ile.

"Dawa nilishawatajia," mganga akasema. "Mmeikosa wenyewe."

Mama akasimama. Mama ambaye asubuhi alikuwa hawezi kushika kikombe akawasindikiza hadi barazani, amenyooka, hatua zake nzito zikitikisa sakafu.

"Nendeni salama, wanangu," sauti ikasema. "Poleni na majukumu. Msipopata nafasi ya kuja, msijali."

Midomo ya mama ilikuwa imefumbwa. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka shingoni. Fundi aliyaona, na mganga aliyaona.

Meneja alikuwa ameshageuka anatafuta funguo za gari mfukoni. "Umemsikia mama?" akamwambia dada yake, na kwa mara ya kwanza siku ile akashusha pumzi. "Amesema tusijali."