Binti Yangu na Bomba la Mtambo wa Nyuklia

Watu wa mtaani wananiita Cheche. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Milango, madirisha, vitanda, stendi za matangi, vyote natengeneza. Karakana yangu iko mbele ya nyumba. Nina mashine mbili, grainda moja na mdomo mkubwa. Hilo la mdomo anasema mke wangu, mimi simo.

Binti yangu wa kwanza nimemfundisha kazi mwenyewe. Mkono wake umetulia kuliko wangu. Tatizo letu lilikuwa umeme. Ukiwasha mashine saa nne, saa tano umekatika. Mteja anakuja kuchukua dirisha lake, anatukuta tumekaa kwenye benchi tunapiga miayo.

Siku moja binti alikuja na karatasi mkononi.

"Baba, nchi inajiandaa kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Wanatafuta vijana hamsini wa kujifunza kuunga mabomba yake. Mtihani ni mwezi ujao. Nataka kwenda."

Mke wangu aliangusha mwiko. "Nyuklia? Hilo si bomu? Mwanangu, umechoka kuishi?"

"Haendi mtu!" nikafoka.

Binti hakubishana. Alivuka barabara akamleta jirani yetu. Mama huyu anapiga picha za eksirei hospitalini. Kila siku kazini anavaa kibeji cha kupima mionzi inayompata.

"Shemeji, hasira zote hizo za nini?" aliniuliza huku anavuta kiti. "Sikilizeni. Kuna madini yanaitwa urani. Chembe zake ndogo mno zinapasuliwa, zinatoa joto kali. Joto linachemsha maji. Mvuke unazungusha mashine ya kufua umeme."

"Kumbe ni kuchemsha maji tu?" mke wangu akauliza. "Hata mimi naweza."

"Wewe gunia la mkaa linakuishia kwa wiki mbili. Wao wakishaweka urani, inachemsha mwaka mzima, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe."

"Na bomu je?"

"Urani ya mtambo wa umeme haijakolezwa kiasi cha kulipuka kama bomu. Hatari yake ni nyingine, na sikufichi. Maji ya kupoza yakikosekana, mtambo unapata joto kupita kiasi. Mionzi inaweza kutoka nje ikadhuru watu. Na mabaki ya urani yanabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Lazima yafungiwe na kulindwa. Ndiyo maana nchi haikurupuki. Inatunga sheria. Inaunda mamlaka ya ukaguzi isiyoogopa mtu. Inachunguza kiwanja kama kina matetemeko. Inasomesha watu. Inaweza kuchukua miaka kumi na mitano kabla taa ya kwanza haijawaka."

"Miaka kumi na mitano!" nikacheka. "Nitakuwa sina hata jino."

"Lakini wajukuu utakuwa nao, shemeji. Mabomba yale ya maji ya moto yakivuja ni balaa. Nani atayaunga? Tuite wageni na mafundi tunao?"

Hapo alinishika pabaya. Nikamtazama binti yangu. Macho yake yalikuwa yananiomba.

"Haya, nenda," nikasema.

Jirani akaniuliza, "Nyie mafundi mkikosea kuunga, mnafanyaje?"

Nikajipiga kifua. "Tunafunika! Unachomelea juu yake, unapiga grainda, unapaka rangi. Hata malaika haoni."

"Eksirei inaona," alisema. "Mabomba yale yanapigwa picha kama mguu uliovunjika. Binti, ukikosea, sema."

Mimi nikacheka. Fundi gani anajichongea mwenyewe?

Siku ya mtihani, wazazi tulikaa ukumbini nyuma ya kamba. Mkaguzi alimpa kila kijana vipande viwili vya bomba aviunge kwa saa tatu. Binti yangu alikwenda vizuri mno. Nilikuwa nawaambia wazazi wenzangu kwenye benchi, "Yule pale wangu, yule!"

Kisha mkono wake ukasita. Kidogo tu, lakini mimi nilijua. Takataka ya kijiti cha kuchomelea ilikuwa imenasa ndani ya kiungo. Akafanya kama nilivyomfundisha. Akafunika, akapiga grainda mpaka pakang'aa. Nje palipendeza kuliko bomba lolote mle ukumbini.

Akavua kofia ya kuchomelea, akanitazama. Nikaweka kidole mdomoni. Nyamaza, mwanangu.

Aligeuka akalitazama bomba lake. Kisha akanyoosha mkono.

"Mkaguzi, ndani ya kiungo changu kuna takataka, upande wa chini. Nimeifunika. Naomba nikate nirudie."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu akanifinya paja na kuninong'oneza, "Umemfundisha nini mwanangu, wewe mwanaume?"

Mkaguzi alitazama saa ya ukutani. "Zimebaki dakika arobaini. Muda hauongezwi. Kata."

Binti akakata. Akasafisha, akaanza upya. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni. Mimi nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili, naivuta bila kujua, mpaka mlinzi akaniambia, "Mzee, utatuangushia nguzo." Binti alimaliza zikiwa zimebaki dakika mbili.

Mabomba yakapelekwa kupigwa picha. Baada ya kusubiri sana, mkaguzi akazitundika picha kwenye kioo chenye taa. Mabomba mengi yaliyong'aa kwa nje yalikuwa na madoa meusi ndani. Wenyewe walikuwa wamenyamaza. Picha ya binti yangu haikuwa na doa hata moja.

"Bomba hili ni safi," mkaguzi alisema. "Lakini alama kubwa nilimpa kabla sijaona picha. Mtamboni, kosa moja lililofichwa linaweza kuumiza maelfu. Kwa hiyo kwetu anayesema kosa lake hafukuzwi. Anashukuriwa. Namba moja ni binti huyu."

Nilipiga vigelegele. Ndiyo, mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu! Niliruka kamba, nikambeba binti yangu juu na sare yake yote. Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba, hukukasirika?" binti aliniuliza.

"Nimejikasirikia mwenyewe, mama yangu. Umenishinda, na nimefurahi kushindwa."

Jumatatu asubuhi nilibeba mashine yangu mpaka zahanati. Stendi yao ya tangi la maji niliitengeneza mimi. "Daktari," nikamwambia, "mguu mmoja wa hii stendi una ufa. Niliufunika kwa rangi. Leo nimekuja kuukata." Alinishangaa, akalitazama lile tangi lilivyojaa, akawaondoa wagonjwa waliokuwa wamekaa chini yake. Kisha tukalifungulia maji yote, tukalishusha, nikaukata ule mguu na kuuunga upya.

Tangu hapo sipaki rangi kabla mteja hajakagua viungo. Wiki za mwanzo niliona aibu. Sasa wateja wanatoka mitaa ya mbali. Wanauliza, "Yuko wapi yule fundi anayeonyesha makosa yake?"

Mtambo bado haujajengwa. Wataalamu wanapima kiwanja, na sheria zinajadiliwa. Lakini binti yangu yuko mwaka wa pili wa mafunzo, na juzi alinipigia simu.

"Baba, leo nimekagua bomba la mwalimu wangu mkuu. Nimekuta kosa."

Nikaweka grainda chini. "Ukanyamaza?"

"Nimemwambia mbele ya darasa zima."

"Akasemaje?"

"Amenipa mkono, baba. Amesema asante, kisha akakata bomba lake."

Nikatoka barabarani na simu mkononi, nikampa habari hiyo kila aliyepita.