Baridi Iliyozidi

Nyuzi joto nne.

Jongoo, jasusi wa serikali, aliisoma namba hiyo kwenye simu aliyoifunga kwa mpira kwenye usukani, akatukana kimoyomoyo, akaongeza mafuta. Pikipiki ya Yamaha ilirusha matope mpaka kwenye kofia yake. Mbele, lori jeupe la samaki lilikuwa linapanda kilima.

Ndani ya lori hilo kulikuwa na insulini yote iliyobaki wilayani. Mafuriko yalikuwa yamezoa daraja, bohari ya dawa na nguzo za umeme. Helikopta ilileta maboksi, na kabla hayajafika hospitali, mlanguzi aliyeitwa Mchuuzi na dereva wake waliyapora uwanjani kwa vitambulisho bandia vya shirika la misaada. Ng'ambo ya mpaka alikuwapo mnunuzi wa kigeni, ameshakinga mikono.

Katika boksi moja mlikuwa na kifaa kidogo kama kifungo cha koti. Kilipima joto na kutuma namba kwa setilaiti, makao makuu na kwenye simu ya Jongoo. Wataalamu walikiweka wakiogopa jua.

Hakuna aliyewaza baridi.

Mchuuzi alikuwa mtu wa samaki tangu ujana wake. Alizoea kuzungusha swichi ya friza mpaka mwisho, maana samaki hawana baridi iliyozidi. Insulini ikiganda, basi. Hata ikiyeyuka haimfai mgonjwa.

Nyuzi tatu.

"Jongoo, hapa Ghala," redio ya makao makuu ilikoroma sikioni. "Ripoti."

"Namwona. Anaigandisha dawa."

"Subiri jeshi. Wako njiani."

"Wakifika watakamata barafu."

"Hiyo ni amri."

Jongoo akabadilisha masafa.

"Dada?"

Aliyeitika alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya wilaya, dada yake wa tumbo moja. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Nipo, mdogo wangu."

"Mama vipi?"

Mama yao alikuwa amelazwa katika wodi hiyohiyo. Chupa ya mwisho ya insulini hospitalini ilipofika kitandani kwake aliisukuma kwa mkono. Wapeni watoto, alisema, mimi nimeshakula chumvi nyingi. Jongoo aliposimuliwa hayo alikasirika, kisha akaona aibu kwa kukasirika.

"Anapumua," dada alisema. "Anakungoja. Lete dawa, acha maneno."

Nyuzi mbili.

Nyuma ya lori paliandikwa kwa rangi nyekundu: NAENDESHAJE? PIGA SIMU. Namba ilikuwa hapo chini. Jongoo akaipiga.

"Halo?" Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba.

"Mchuuzi, zima friza. Unaua mzigo wako mwenyewe."

"Nani wewe?"

"Niko nyuma yako."

Kicheko. "Kijana, nauza samaki tangu hujaota ndevu. Leo unifundishe baridi?"

"Hao si samaki."

"Baridi ni baridi, bwana!"

Simu ikakatwa. Mkono ukachomoza dirishani na bastola. Kioo cha pikipiki kikapasuka.

Bunduki ilikuwa mgongoni kwa Jongoo, lakini hakuigusa. Tairi moja tu likipasuka, lori lingeishia korongoni, na wodi nzima ingelifuata huko.

Kilima kilizidi kuwa kikali. Lori likashusha gia, likawa linajikokota. Jongoo akalisogelea, akasimama juu ya kiti, akarukia ngazi ya nyuma.

Yamaha ya serikali ikaenda zake korongoni. Maelezo angeandika siku nyingine.

Simu ilikwenda nayo.

"Ghala, nimepoteza kipimo. Nisomee namba!"

"Si tulikwambia usubiri?"

"Nisomee!"

"Moja na nusu. Inashuka."

Alitambaa juu ya paa. Mashine ya friza ilikuwa inanguruma juu ya kichwa cha lori. Risasi ilitoboa bati mbele ya pua yake. Nyingine ikamchana bega. Iliuma kuliko alivyokumbuka risasi zinavyouma.

"Moja. Jongoo, moja!"

Alichomoa kisu. Waya ulikuwa mnene. Aliogopa, na alikuwa hajaogopa hivyo kwa miaka mingi.

"Nukta tano."

Kata.

"Nukta tatu."

Kata!

Cheche zikaruka. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

"Ghala?"

Redio ilikwaruza tu.

"Ghala, semeni kitu!"

"Nukta mbili. Imesimama. Jongoo, imesimama."

Alivua koti, akalitupa juu ya kioo cha mbele. Dereva akapigwa upofu, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mchuuzi akaruka nje, akateleza, akalamba matope. Alipoinua uso alikuta mdomo wa bunduki.

"Tuzungumze," alisema.

Jongoo alimfunga pingu kwenye mti, jeshi limkute hapo. Akafungua milango ya nyuma ili baridi itoke, kisha akamgeukia dereva aliyekuwa amenyoosha mikono juu.

"Washa. Hospitali. Ukipita shimo kwa kasi, nitajua."

Wodini watoto walilala wawili wawili kitandani. Dada aliinua chupa ya kwanza dirishani, kwenye mwanga. Ilikuwa safi, haina hata chembe ya mgando. Alivuta dawa kwenye sindano, akamchoma mtoto wa kwanza, akahamia kwa wa pili.

Jongoo alikitazama kitanda cha mama kule pembeni. Shuka lilikuwa limemfunika mpaka kichwani.

"Dada."

Dada hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu ya paja la mtoto.

"Uliponiuliza, alikuwa ameshakwenda. Alfajiri."

"Uliniambia anapumua."

"Ningekwambia ukweli ungerudi." Akamfuta mtoto damu kwa pamba. "Na hawa je?"

Jongoo alikuwa amedanganywa na majasusi wa nchi nyingi, na wote aliwabaini. Huu uongo hakuubaini. Alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Aliupapasa mgongo wa dada yake, kisha akaenda kukaa na mama kidogo.

Redio ikakoroma. "Jongoo, hapa Ghala. Kuna shehena nyingine imepotea. Uko wapi?"

"Msibani," alijibu.

Akaizima, akainuka, akatoka nje kwa hatua zake za kawaida kwenda kutafuta jembe la kuchimbia kaburi.